Dondoo muhimu: Sentensi yako ya kwanza ya Kikorea

Kitenzi hukaa mwisho. "Ninakula wali" ni jeo-neun bab-eul meogeoyo, yaani mimi, wali, nakula. Cha kukazania ni vile vipachiko: neun humtaja anayezungumziwa, eul huonyesha kinacholiwa. Neno likiishia kwa konsonanti, tumia eun na eul. Likiishia kwa irabu, neun na reul. Kwa hiyo cha (ndiyo, chai) huwa cha-reul.

Usitafute "ni-" wala "wa-" ndani ya kitenzi. Meogeoyo ni nakula, unakula, wanakula. Muktadha ndio utakaokuambia nani. Jeo-neun yenyewe Wakorea huiacha mara nyingi mhusika anapojulikana. Lakini ile -yo ya mwisho usiidondoshe mbele ya mtu aliyekuzidi umri: utaonekana huna adabu.