Gari la Kasi, Tairi Gani? Somo kwa Wenye Magari Kaunti ya Nakuru

Safari Rally ilirejea katika ratiba ya mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao yake Naivasha. Kila inapofika, barabara ya kutoka Nairobi hujaa magari ya kibinafsi yenye injini za nguvu: Subaru Impreza na Forester za turbo, Volkswagen Golf GTI, BMW na Mercedes-Benz. Ukimuuliza mwenye gari kuhusu injini yake, atakujibu bila kusita. Ukimuuliza tairi zake zilitengenezwa mwaka gani, huenda akainama kuzitazama kwa mara ya kwanza.

Hilo ni jambo la hatari. Gari zima hugusa lami mahali panne tu, na kila mahali panakaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki huzuia gurudumu lisizunguke, lakini kinacholisimamisha gari ni jinsi tairi inavyoshika lami. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao gari hutembea baada ya kukanyaga breki huongezeka takriban mara nne. Katika mteremko wa Sachangwan kuelekea Salgaa wakati wa mvua, umbali huo ndio unaoamua iwapo familia itafika nyumbani.

Somo hili linaeleza mambo ambayo mwenye gari anapaswa kuyajua kabla ya kwenda kununua tairi.

1. Soma maandishi ya ubavuni

Chukua mfano wa tairi iliyoandikwa 205/55R16 91V. Nambari 205 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 55 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Nambari 91 ni kiwango cha uzito: tairi moja inaweza kubeba kilo 615. Herufi ya mwisho ni kiwango cha kasi. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300.

Vipimo vinavyofaa gari lako vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Anza hapo, wala si kwa tairi zilizofungwa sasa, kwa sababu huenda mwenye gari wa awali alizibadilisha.

2. Kwa nini kununua V ikiwa sheria ni 110?

Hili ni swali la haki. Sheria za Kenya haziruhusu gari la kibinafsi kupita kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara iliyo bora, na mijini kikomo ni 50. Hata hivyo, herufi ya kasi si ruhusa ya kukimbia. Inaonyesha joto na mkazo ambao tairi inaweza kuvumilia. Gari zito lenye breki kali na injini ya nguvu huitesa tairi hata likiwa ndani ya sheria, hasa linapopakia watu watano na mizigo kuelekea Mombasa, adhuhuri, kwenye lami ya moto ya Mtito Andei na Voi. Usishuke chini ya herufi na kiwango cha uzito alichoweka mtengenezaji wa gari.

3. Tazama tarehe ya kutengenezwa

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, tazama upande wa pili wa tairi.

Mpira huzeeka hata ukikaa tu. Hukauka, hupata nyufa na kupoteza mshiko huku mifereji yake ikionekana mizima. Tairi iliyopita miaka mitano ikaguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na watengenezaji wengi hushauri isitumike ikifika miaka 10. Magari ya mtumba huruhusiwa kuingia Kenya yakiwa na umri usiozidi miaka minane, kwa hivyo gari linaweza kushuka bandarini likiwa na tairi zenye umri sawa na wake.

4. Jihadhari na tairi za theluji

Baadhi ya magari na tairi za mtumba kutoka Japani huja na tairi za majira ya baridi. Nyingi huandikwa STUDLESS ubavuni, na mara nyingi herufi yake ya kasi ni Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye theluji. Juu ya lami yenye joto hulegea kupita kiasi, gari huyumba kwenye kona, umbali wa kusimama huongezeka na tairi huisha haraka. Mifereji yake mirefu humfanya mnunuzi aamini amepata tairi karibu mpya. Hata bei ikiwa nzuri, iache.

Vivyo hivyo kwa tairi za mashindano. Tairi ya rali ya changarawe haifai kwa lami, na tairi za uwanja wa mbio zenye mifereji michache hushindwa kuondoa maji. Madereva wa rali huwa na fundi na tairi nyingine zikiwasubiri. Mwendeshaji wa kawaida hana.

5. Mshiko, uimara na mvua

Tairi nyingi huandikwa TREADWEAR na nambari. Nambari ndogo, kama 200, kwa kawaida huashiria mpira laini unaoisha upesi, na 400 au zaidi huashiria tairi ya kudumu. Kwa gari linalotumika kila siku, tazama pia neno TRACTION, linaloonyesha jinsi tairi inavyoshika lami yenye maji wakati wa kufunga breki. AA ndiyo bora zaidi, ikifuatwa na A, B na C.

Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, mifereji imebaki milimita 1.6 na tairi ni kipara. Kwa mvua za masika, ni busara kubadilisha mapema, ikiwa imebaki kama milimita tatu. Mifereji ikipungua, maji hukosa pa kupita na gari huelea juu yake. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazisaidii. Tairi pana za magari ya kasi huelea upesi zaidi zikiwa zimeisha.

6. Usivutiwe na rimu kubwa pekee

Ukiongeza ukubwa wa rimu, punguza ubavu ili gurudumu zima libaki na kimo kilekile. Kwa mfano, 205/55R16 ina kipenyo cha takriban milimita 632, na 225/45R17 ina takriban 634. Tofauti hiyo ni ndogo. Ikizidi, kipimo cha mwendo hudanganya na tairi inaweza kukwaruza bodi.

Ubavu mfupi hufanya gari litii usukani haraka, lakini hauna mpira wa kutosha kupokea shimo au tuta. Rimu hupinda na ubavu hupasuka ndani. Kwa anayepita kila siku barabara za vijijini kuelekea Kuresoi au Njoro, ukubwa wa kiwandani mara nyingi ndio wenye faida.

7. Pesa zikiwa kidogo

Mkazi mwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, tairi zake zikiwa vipara, huwa na njia tatu: rimu kubwa zenye tairi za mtumba, tairi mbili mpya za bei ya juu, au nne mpya za bei ya wastani za ukubwa sahihi. Afadhali njia ya tatu. Gari la namna hiyo linahitaji tairi nne za aina moja na zilizochakaa kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo magurudumu huzunguka kwa viwango tofauti na giaboksi huumia. Ukarabati wake unaweza kupita bei ya tairi.

Gari linalovutwa na magurudumu mawili linaweza kununuliwa tairi mbili, lakini zile mpya zifungwe nyuma, hata kama injini huvuta mbele. Nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka na madereva wengi hushindwa kulirudisha.

8. Baada ya kufunga

Pima upepo angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu, tairi zikiwa baridi, kwa kiwango cha kwenye kibandiko. Tairi yenye upepo mchache hujikunja, hupata joto na inaweza kupasuka. Usikisie kwa kupiga teke. Pima na spea pia.

Jipime

Kabla ya mvua, zunguka gari lako na ujibu maswali haya:

- Je, vipimo vya tairi vinalingana na kibandiko?
- Zilitengenezwa wiki gani ya mwaka gani?
- Kuna yoyote iliyoandikwa STUDLESS?
- Mifereji imebaki milimita ngapi?
- Je, kuna ufa au uvimbe ubavuni?
- Je, zote nne ni za aina moja?

Jibu moja likikutia shaka, pitia kwa fundi kabla ya safari. Abiria wanaopanda gari lako hawana nafasi ya kuchagua tairi. Wewe ndiye uliyewachagulia.