Mlango wa Kompyuta Yako: Uko Wazi kwa Nani?

Leo tuna somo ambalo huenda utashangaa kulikuta katika gazeti la afya: jinsi ya kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali, bila kumwachia mtu mwingine mlango. Afya inaingiaje hapo? Soma kisa changu.

Nilipokuwa chuoni, kompyuta yangu ilibaki nyumbani. Niliiwekea programu ili nifungue mafaili yangu nikiwa popote. Neno la siri lilikuwa jina langu na mwaka wa kuzaliwa. Siku moja nikaingia kupitia kompyuta ya stesheneri, nikachapa kazi yangu, nikaondoka. Jamaa aliyekaa nyuma yangu aliona anwani kwenye skrini. Neno la siri alibahatisha tu. Humo mlikuwa na shajara yangu na majibu ya vipimo vyangu vya kliniki. Kufikia Jumapili, bweni zima lilikuwa linajua. Miezi kadhaa sikukanyaga kliniki. Aibu si mchezo!

Kosa lilikuwa lake. Lakini kufuli ningeweza kuliweka mimi.

TATIZO LIKO WAPI?

Zamani watu waliingia kwa njia iitwayo Telnet. Kila ulichoandika, hata neno la siri, kilisafiri wazi kama maneno kwenye postikadi. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, mtafiti Tatu Ylönen alitengeneza SSH. Hii hugeuza mazungumzo yote kuwa fumbo njiani.

Je, inatosha? Hapana. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikibisha hodi na kujaribu maneno ya siri mepesi. Ndiyo maana tunatumia funguo mbili. Ufunguo wa wazi ni kama kufuli: unautundika kwenye kompyuta ya nyumbani. Ufunguo wa siri unabaki nao wewe, wala hautumwi mtandaoni.

FANYA HIVI

Mfano wetu ni kompyuta ya nyumbani yenye Ubuntu. Kama ni ya familia, omba ruhusa kwanza. Anza ukiwa nyumbani, kompyuta zote mbili zikiwa kwenye mtandao mmoja.

1. Kwenye kompyuta ya nyumbani andika: sudo apt install openssh-server

2. Kwenye kompyuta mpakato utakayosafiri nayo andika: ssh-keygen -t ed25519. Utaombwa maneno ya kulinda ufunguo. Usiruke! Weka sentensi ndefu unayoikumbuka wewe tu.

3. Tundika kufuli: ssh-copy-id jina@anwani. Weka jina lako na anwani ya kompyuta ya nyumbani.

4. Ukishaweza kuingia kwa ufunguo, zuia maneno ya siri. Katika faili /etc/ssh/sshd_config weka PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Kisha andika: sudo systemctl restart ssh. Usifunge dirisha la kwanza kabla ya kujaribu kuingia kwa dirisha la pili, usije ukajifungia nje.

5. Usifungue mlango wa ruta kwa dunia nzima. Tumia njia ya faragha kama WireGuard au Tailscale, ili vifaa ulivyovisajili tu ndivyo vifike nyumbani. Mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja, hivyo kubisha hodi moja kwa moja kutoka nje hushindikana. Tailscale huweza kupita hapo.

6. Sasisha programu zako mara kwa mara.

UVUMI NA UKWELI

"Mimi denti tu, nani atanitafuta?"
Programu za wezi hazichagui. Hujaribu kila mlango zinaoukuta.

"Ukinipenda, nipe neno lako la siri."
Hapana! Penzi si ruhusa ya kusoma siri za mwenzako.

"Nina SSH, basi kompyuta yoyote ni salama."
Si kweli. Kompyuta ya watu wengi inaweza kurekodi kila unachobonyeza. Usiingize humo flashi yenye ufunguo wako wa siri.

"Aliyepiga simu ni wa benki, anataka kunisaidia kwa mbali."
Akikuambia uweke programu ya kuendesha simu au kompyuta yako, kata simu.

UMESHAINGILIWA?

Kata intaneti kwenye kompyuta hiyo. Badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine unachokiamini. Mwambie mtu mzima unayemwamini, hasa kama unatishiwa. Na kama ulikuwa unakwenda kliniki, usiache. Mimi niliacha, nikachelewa kupata matibabu. Siri inaweza kuibwa, lakini afya yako bado ni yako.

JADILINI DARASANI

1. Ni mambo gani hutaki mtu ayasome bila ruhusa yako?
2. Rafiki akikuonyesha siri za mwenzenu, utafanya nini?