Boya Si Mlezi

Wakati wa likizo familia nyingi za Moshi huwapeleka watoto kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli au chemchemi ya Chemka, wilayani Hai. Je, mtoto mdogo avalishwe boya?

Jaketi la kujiokolea linalomtosha na kufungwa barabara, ndiyo. Lakini maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi na mipira ya tairi ni vitu vya kuchezea tu. Huvuja, huchomoka, na mpira waweza kumpindua mtoto. Tena humfanya adhani anajua kuogelea. Siku asipovaa, hujitosa bila woga.

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na dakika chache zatosha kumwua. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo mtu mzima akae majini karibu naye, kiasi cha kumshika kwa mkono. Asinywe pombe wala asishike simu. Nyumbani nako tufunike mapipa, na tuwachunge watoto kandokando ya mifereji na nduwa za vihambani. Huko hakuna anayevaa boya.