Usiisubiri Raha: Kupanga Siku Baada ya Kuacha Unga

Mtu anayetumia heroini, yaani unga, ana shughuli nyingi. Majirani wanamwona kajikunja kibarazani saa sita mchana wakadhani siku yake ni tupu, kumbe tangu alfajiri yuko mbioni: atafute hela ya kete, amtafute pusha, avute au ajidunge, apate saa chache za utulivu, kisha arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ianze kumsogelea na aanze upya. Wengi huzunguka hivyo mara tatu au nne kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Siku anapoacha, mbio zote hizo zinakatika. Anaamka asubuhi, mwili umeanza kutulia, na mbele yake kuna saa kumi na sita ambazo hajui azifanyie nini.

Saa hizo ndizo ninazotaka kuziongelea. Kuhusu kuacha kwenyewe, madaktari na washauri wapo na kazi yao wanaijua. Lakini kuhusu saa nne asubuhi ya Jumanne, ndugu wote wamekwenda kazini na wewe umebaki unatazamana na ukuta, watu husema kidogo mno. Watakwambia ujishughulishe, basi. Ujishughulishe na nini, hawasemi.

Msimamo wangu ni huu: raha ndogo ndogo za kila siku si zawadi inayomsubiri mtu akishapona. Ni sehemu ya tiba, na hupangiwa saa kama vidonge vinavyopangiwa saa. Unazifanya hata siku ambayo huna moyo nazo, na siku hiyo ndiyo unayozihitaji zaidi.

Sababu iko kwenye ubongo. Mtu akila akiwa na njaa, akicheka na wenzake, timu yake ikifunga goli, ubongo hutoa kemikali za kumfurahisha, na dopamini ni mojawapo. Heroini huzimwaga kwa wingi kupita kiasi, na ubongo, katika kujilinda, hupunguza usikivu wake. Unga ukiondoka, usikivu haurudi siku ileile. Kwa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi, pilau haina utamu, muziki ni kelele, Simba na Yanga wacheze wasicheze ni mamoja. Maumivu makali ya arosto huwa yameshapita ndani ya wiki moja hivi. Huu ubaridi ndio unaobaki, na wengi hurudi maskani wakati huu, wakiamini kwamba maisha bila unga ndivyo yalivyo. Sivyo yalivyo. Ni ubongo ambao bado unapona, nao husaidika ukipewa vitu vya kujifunzia upya.

Kwa hiyo tafuta daftari la shule, lile la bei ndogo, na kalamu. Jioni andika mambo matatu ya kesho, kila moja na saa yake. Yawe madogo kiasi kwamba hata ukiamka vibaya utayaweza: kuoga saa moja, kumenya ndizi na mama saa tano, kwenda kuwatazama watoto wakicheza mpira saa kumi na moja. Kando ya kila jambo weka namba kuanzia 0 hadi 10, makisio yako ya raha utakayoipata. Ukishalifanya, andika namba ya pili, ile uliyoipata kweli. Washauri hutumia mbinu hii hata kwa watu wenye sonona, kwa sababu mtu aliye katika hali hiyo hukisia chini. Ataandika 1, apate 3. Tatu ni kidogo, nakubali, lakini imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na asubuhi moyo unapomwambia hakuna lolote lenye maana, analo daftari la kuujibu. Ukurasa ukijaa utaanza kuona ni mambo gani yanakupa namba kubwa. Usishangae yakiwa ni yale ambayo usingeyataja ukiulizwa.

Ningeanza na maji. Mtu mwenye arosto huyaogopa. Ngozi inamuuma, baridi inamwingia mifupani, na wengi hupitisha siku nyingi bila kuoga. Ndiyo maana kuoga ni mahali pazuri pa kuanzia: ni kitu ambacho unga ulikunyang'anya na unaweza kukirudisha leo. Fanya kwa utaratibu. Chemsha maji kidogo uyachanganye na ya baridi yawe vuguvugu. Tumia dodoki, anza na miguu, usiharakishe. Piga mswaki, na ulimi pia. Jipake mafuta ya nazi, kisha vaa shati lililopigwa pasi, hata kama huendi kokote. Pua nayo huamka taratibu: kuna siku utasikia harufu ya sabuni au ya karafuu na utasimama hapo hapo bafuni, kwa sababu hukuisikia kwa miaka. Iandike.

Walio kwenye methadoni, dawa ya kliniki inayotolewa badala ya heroini, wana faida moja: asubuhi yao ina mahali pa kwenda. Tanzania ilianza huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011, Zanzibar ikafuata mwaka 2015, na mwaka huohuo Pwani ya Kenya ikapata kliniki Malindi na Kisauni. Dozi moja hutuliza mwili kwa siku nzima, jambo ambalo kete haikuwahi kulifanya. Hatari iko njiani. Pusha anajua saa za kliniki, na wenzako wa zamani wanapanda daladala ileile. Basi panga safari ya kurudi kabla ya ile ya kwenda: nani utaongozana naye, utapita njia ipi, utasimama wapi. Pita sokoni ununue kitu kimoja cha kupika mchana. Methadoni hufanya choo kiwe kigumu, hukausha mdomo na huleta jasho, na wengi wanaoacha unga hutamani sukari kupita kiasi, wanajikuta na soda nne kwa siku na meno yanayouma. Papai, mchicha, maharage na maji mengi vitakusaidia zaidi. Jifunze kupika kitu kimoja vizuri, kimoja tu, mpaka nyumbani waseme leo apike fulani.

Kuhusu kahawa nitasema zaidi, kwa sababu naithamini. Baraza la kahawa ni mojawapo ya vitu bora tulivyorithi huku Pwani. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, na katika vibaraza vingi vya Tanga, Lamu na Mombasa, kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata vinakupa kiti, na kiti kinakupa watu. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi mwaka jana. Wanabishana kuhusu bei ya samaki na ubunge, na wewe unaweza kukaa saa nzima bila kusema neno na bado ukawa ulikuwepo. Kwa mtu aliyeishi miaka akikwepwa njiani, hilo ni jambo kubwa. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, chagua baraza la wazee, au la watu usiowahi kuvuta nao, hata kama ni mtaa wa pili. Pili, usinywe kahawa baada ya alasiri. Usingizi wa mtu aliyeacha unga husumbua kwa miezi, na usiku wa kukesha huzaa asubuhi mbaya.

Halafu panda mchicha. Nasema mchicha makusudi, wala si mwembe. Mtu aliye katika miezi ya mwanzo anahitaji kitu kitakachomlipa kabla moyo haujachoka, na mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne tangu mbegu zitiwe ardhini. Kiroba kilichopasuka au beseni lililotobolewa chini linatosha, pamoja na udongo, samadi kidogo na maji asubuhi na jioni. Kuna asubuhi ya siku ya nne au ya tano unapoinama na kukuta vijimea vyekundu-kijani vimeinua udongo. Siku zako za kuacha na siku za mimea zinakwenda pamoja, na mboga ya kwanza italiwa na nyumba nzima.

Sasa fedha, maana hapa ndipo raha na hatari vinapokaa chumba kimoja. Kwa miaka mingi noti mkononi ilikuwa na maana moja tu, na mwili haujasahau; wapo ambao tumbo huwakoroga wakishika elfu kumi. Mwanzoni usikae na fedha nyingi. Malipo ya kibarua yaende kwenye simu ya mtu unayemwamini, au kwenye kibubu kilicho chumbani kwa mama, na wewe ubaki na nauli na ya kahawa. Siku ya malipo isiwe na mwanya: ipangie kitu cha saa ileile unayolipwa, na mtu wa kuwa naye.

Lakini familia nanyi nawaomba jambo. Mtumeni dukani. Si siku ya kwanza, na si kwa fedha ambayo ikipotea mtalala njaa. Mpeni ya kilo ya sukari na kibiriti, muwe watulivu, msimsimamie mlangoni. Akirudi aweke sukari mezani na chenji juu yake, pokeeni kama mnavyompokea mtoto mwingine yeyote wa nyumba hiyo. Msihesabu mbele yake. Hakuna dawa inayoweza kutoa kile kinachopita kifuani mwa mtu aliyeaminiwa na mia tano baada ya kuitwa mwizi miaka minane. Na wewe uliyeacha, usidai kuaminiwa. Ndugu walioibiwa redio na mitungi ya gesi wana haki ya kuchelewa. Endelea kurudisha chenji.

Mikutano ya wanaopata nafuu inafaa kuwekwa kwenye daftari kila wiki. Narcotics Anonymous, iliyoanzia California mwaka 1953, ina vikundi Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, na nyumba nyingi za upataji nafuu hufuata hatua zake kumi na mbili. Hutoa vibango vya funguo vya rangi: cheupe kwa mgeni, cha chungwa kwa siku 30, cha kijani kwa 60, chekundu kwa 90. Ni kipande cha plastiki, lakini nimeona watu wazima wakikishika kwa mikono miwili. Kama mikutano haikufai, madrasa, kwaya, timu ya mpira au darasa la ushonaji litafanya kazi hiyohiyo ya kukupa mahali ambapo usipofika utaulizwa. Kwa Mwislamu, swala tano za msikitini tayari ni ratiba ya siku nzima.

Hamu itakuja hata siku nzuri. Kwa kawaida hupanda, hufika kilele, hushuka, na mara nyingi yote hayo ni robo saa hadi nusu saa. Jiulize mambo manne: nina njaa? nina hasira? niko peke yangu? nimechoka? Mara nyingi moja lipo, na lina dawa yake: kula, toka nje utembee, piga simu, lala. Uwe na kitu cha kufanya kwa mikono kwa nusu saa hiyo, kilichoandikwa tayari ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa sababu hamu ikiwa juu akili haibuni kitu. Kuogelea ni kuzuri mno kama bahari iko karibu na unajua maji. Kufua ni kuzuri pia.

Mambo matatu ya uhai hayana nafasi ya mjadala. Aliyeacha unga hata kwa wiki chache, mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani. Wengi hufa kwa kurudia kiasi kilekile walichokizoea, na waliotoka gerezani au nyumba ya upataji nafuu wako hatarini zaidi. Pombe au vidonge vya usingizi pamoja na methadoni vinaweza kuzima pumzi usiku. Na anayekunywa pombe kali kila siku asiache ghafla peke yake, kwa sababu anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa; aanzie hospitali.

Ukianguka, sema siku hiyohiyo kwa mtu mmoja, na kesho asubuhi nenda kliniki ukawaeleze ukweli, maana wasipojua ulichotumia watakupa dozi ambayo inaweza kukudhuru. Usichane daftari. Andika tarehe, andika ulikuwa wapi na nani, na ilikuwa saa ngapi, kisha geuza ukurasa upange mambo matatu. Kuoga liwe la kwanza. Kwa ushauri, Tanzania piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Zote ni za bure, na hata ndugu anaweza kupiga.