MTOTO ASIKIWE, NA WAZAZI WAINGIE NDANI

Somo kwa wazazi, vijana na viongozi wa mitaa
Kusoma mbele: Marko 5:35-43, Marko 9:14-27, 1 Samweli 3:1-18



Somo letu linahusu watoto wenye vidonda visivyoonekana kwa macho. Mashariki ya inchi yetu wako wengi. Kuna waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia. Kuna waliotoka katika vikundi vya silaha. Kuna wasichana walionajisiwa. Kuna waliofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa uchawi. Wale waliokuwa watoto katika vita ya 1996 leo ni wazazi, na watoto wao nao wamekwisha kubeba godoro kichwani na kukimbia.

Watu wengi wanataka kuwasaidia: kanisa, serikali, mashirika, majirani. Lakini tujiulize: nani anakaa katika baraza linaloamua maisha ya mtoto huyo? Mara nyingi ni wakubwa peke yao. Mtoto anangoja inje, mama yake anangoja nyumbani, na wote wawili wanaletewa maneno yaliyokwisha kukatwa. Hapo ndipo msaada mwema unapoharibika.

I. WALIOTOLEWA NA WALIOINGIZWA

Katika nyumba ya Yairo kulikuwa makelele na watu wengi. Yesu aliwatoa wote inje. Kisha akawachukua baba na mama ya mtoto, pamoja na wanafunzi watatu, akaingia nao. Kazi ilipokwisha alikataza habari isitangazwe, akaagiza mtoto apewe chakula.

Angalieni utaratibu huo. Makelele yalitoka, wazazi waliingia, siri ilichungwa, na tumbo la mtoto halikusahauliwa. Sisi mara nyingi tunageuza: tunaacha makelele ndani na wazazi tunawaweka inje. Msichana aliyetendewa ubaya anasimamishwa mbele ya mkutano atoe ushuhuda. Kijana aliyetoka porini anaulizwa na kila mtu ameua wangapi. Hiyo si kuponya. Ni kufungua kidonda kila siku.

II. BABA ALIULIZWA, NA MTOTO ALISIKIWA

Katika Marko 9, mbele ya kumponya kijana, Yesu alimwuliza baba yake shida ile ilianza tangu lini. Mzazi anajua mambo ambayo mgeni hajui: mtoto alianza lini kuruka usingizini, sauti gani inamshitusha, alikuwa wa namna gani mbele ya vita. Mtumishi wa hospitali au wa shirika asiyemwuliza mzazi anafanya kazi gizani.

Eli alikuwa mzee na kuhani, Samweli alikuwa kijana. Lakini Eli alimwomba asimfiche neno lolote, hata kama lilikuwa chungu kwa nyumba yake mwenyewe. Mkubwa anayeweza kusikia neno chungu kutoka kwa mtoto, huyo anafaa kumsaidia.

III. SHERIA YA INCHI

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Inampa haki ya kusikiwa katika kila jambo linalomhusu, na maneno yake yapimwe kwa umri na akili yake. Kwa hiyo kumwuliza mtoto si desturi ya wageni. Ni sheria yetu.

Tena, Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya 2009 inamwazibu mwenye kufanya hivyo kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka miaka 3, pamoja na feza za kulipa. Neno hili linatuhusu sana sisi tunaoamini maono. Mtu akisema amemwona mtoto katika ndoto, kisha mtoto akafukuzwa nyumbani, akafungwa au akanyimwa chakula, hatuwezi kunawa mikono. Mtoto anayekojoa usiku, asiyesema, au anayepiga wenzake, mara nyingi anaonyesha woga aliopata. Tumtafutie mtu wa kumsikiliza, si mtu wa kumshitaki.

IV. FAIDA ILIYOONEKANA

Wengine watasema kazi hii ni ya madaktari tu. Mwaka 2014 kulitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili vya kaskazini-mashariki ya Congo, upande ulioshambuliwa na LRA. Watoto na vijana 159 wenye miaka 7 mpaka 18 waligawanywa katika sehemu mbili. Sehemu moja ilianza mafundisho, ingine ilingoja zamu yake. Waliofundisha hawakuwa madaktari, bali watu wa pale pale waliozoezwa. Vijana walijifunza kuongoza maisha yao na kutuliza mwili wenye woga, na jamaa zao walishirikishwa.

Waliofundishwa walipungukiwa na alama za mshituko kuliko waliongoja. Nyuma ya miezi mitatu huzuni na woga vilikuwa vimepungua zaidi, na walezi wenyewe walisema tabia za watoto zimekuwa nzuri. Tunajifunza nini? Watu wa kijiji wakizoezwa, na jamaa ikiingia, kuna faida.

V. MAMBO YA KUFANYA

1. Mtoto aulizwe mwenyewe. Kijana wa miaka 16 aliyetoka katika kikundi cha silaha pengine hataki kuketi darasani na watoto wa miaka 10. Anataka kujifunza useremala au ushoni. Mkimpeleka shule bila kumwuliza, atatoroka, na njia ya porini anaijua.

2. Jamaa itayarishwe. Mtoto anayetoka porini kwa kawaida hukaa kwanza katika kituo cha kupitia, ao katika familia inayompokea kwa muda, huku wazazi wakitafutwa. Muda huo watu wa nyumbani waulizwe: mnaogopa nini? Majirani wanasema nini? Mtalala wapi? Asirudishwe kama mzigo unaotuliwa mlangoni.

3. Mzazi aliyeumiza asiingizwe. Pengine mwenye kumtesa mtoto ni baba, mjomba au mama wa kambo. Hapo mtoto achague mtu mwingine anayemwamini: nyanya, shangazi, dada mkubwa. Habari ipelekwe kwa ofisi ya Mambo ya Jamii au kwa Tribinali ya Watoto. Jambo la namna hiyo halimalizwi kwa mbuzi.

4. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali mara moja, masaa 72 yasipite. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapashwa kuanzwa katika muda huo. Maombi yaendelee njiani. Yasiwe sababu ya kuchelewa.

5. Vijana wapewe nafasi ya kazi. Kijana aliyepita katika mateso hayo akapata nguvu anajua kuzungumza na mwenzake kuliko mzee. Baraza la kulinda watoto mtaani liwe na vijana wawili au watatu, wavulana na wasichana, na maneno yao yaandikwe kama ya wengine.

6. Siri ichungwe. Jambo la mtoto lisitajwe katika mahubiri, hata bila jina. Mtaa ni mdogo, watu watamjua.

Wapendwa, wakubwa tunapenda kusema: mtoto hajui kitu. Lakini maumivu yake anayajua yeye kuliko sisi wote. Tukimsikiliza, na tukiwaingiza wenye kumpenda, tutakuwa tumeanza kumfunga kidonda chake.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA

1. Katika mtaa wetu, ni lini mara ya mwisho mtoto aliulizwa mbele ya kukata neno lake?
2. Ni makelele gani tunapashwa kutoa inje ya nyumba ya mwenye kuumia?
3. Mtoto akisingiziwa uchawi juma hili, nani kati yetu atamkaribisha alale kwake usiku huo huo?