SOMO LA AFYA: PRESHA HAINGOJI KICHWA KIUME



Tunapopita katika bloku kuwahimiza watu wakapime presha, jibu tunalopewa mara nyingi ni hili: "Mimi sina presha, kichwa hakiniumi." Mwingine alishaanzishiwa dawa, akameza wiki tatu, akajisikia vizuri, akaziacha. Vidonge vilivyobaki akampa jirani. Somo la leo ni kwa ajili ya hawa, na kwa wewe unayeishi nao.

Kwanza tuelewane presha ni nini. Moyo ni msuli wenye ukubwa kama wa ngumi yako. Unasukuma damu katika mishipa usiku na mchana. Damu inaposukumwa inakandamiza kuta za mishipa, na nguvu hiyo ndiyo presha, au shinikizo la damu. Kila mtu anayo. Ugonjwa ni pale inapokuwa kubwa mno kwa muda mrefu: moyo unafanya kazi kupita kiasi, msuli wake unanenepa na mwishowe unachoka, mishipa ya kichwani inaweza kuziba au kupasuka, ndicho kiharusi, figo nazo zinaharibika taratibu.

Sasa utauliza, watu walijuaje kwamba kitu kisichouma kinaua? Haikujulikana upesi.

Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza mkanda wa mpira unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Urusi, Nikolai Korotkov, aliongeza jambo moja: aliweka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa wa mkono, chini ya mkanda. Upepo ukiachiwa polepole, sauti ya damu inaanza kusikika. Hiyo ni namba ya juu. Sauti inapopotea, hiyo ni namba ya chini. Muuguzi akikuandikia 120/80 kwenye kadi, anafuata kazi ya hao wawili.

Lakini kuwa na kipimo hakukutosha. Kwa miaka mingi madaktari wengi walifikiri presha kupanda na umri ni jambo la kawaida, kama mvi. Mfano unaojulikana ni wa rais wa Marekani, Franklin Roosevelt. Mwezi wa tatu 1944 alipimwa akakutwa na 186/108, na moyo wake ulikuwa umepanuka. Aliendelea na kazi za vita. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika maumivu makali ya kichwa, akapoteza fahamu, akafa siku hiyo hiyo. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Presha yake ilipimwa ikawa 300/190. Angalia jinsi kichwa kilivyouma: hakikuuma ili kumwonya, kiliuma wakati mshipa unapasuka.

Mwaka 1948 Wamarekani walianza uchunguzi katika mji wa Framingham. Waliandikisha watu 5,209, wanaume na wanawake, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili na kungoja kuona nani ataugua moyo. Baadaye walifuata watoto wao na wajukuu wao. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba wenye presha ya juu, wavuta sigara na wenye mafuta mengi katika damu ndio waliougua zaidi.

Na dawa je, zinasaidia kweli au ni kazi bure? Hilo lilijibiwa na daktari Edward Freis na wenzake. Walichukua wanaume 143, waliokuwa askari zamani, ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129. Wanaume 73 walipewa dawa, 70 walipewa vidonge visivyo na dawa ndani, bila kuambiwa nani anameza nini. Matokeo yalitolewa mwaka 1967. Waliokosa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa. Waliomeza dawa, wawili tu. Ningependa kila aliyeacha vidonge asome hizo namba mara mbili.

Utasema hao ni Wazungu, wanakula nyama na siagi. Ni swali zuri, na mimi nililiuliza pia. Basi sikiliza habari ya jirani zetu. Watafiti walifuatilia vijana Waluo wa Kenya waliotoka vijijini magharibi ya nchi kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na tofauti ilionekana mapema, katika miezi ya kwanza. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi na kupungukiwa madini ya potasiamu yaliyo katika mboga na matunda. Mapigo ya moyo nayo yalikuwa ya haraka zaidi, dalili kwamba mwili hauna utulivu.

Sisi tuliohama tunaelewa habari hiyo. Hapa kambini wengi wanasema presha inaletwa na mawazo. Sikatai kwamba mawazo yanausumbua mwili, na tunayo ya kutosha. Ila ukisema ni mawazo tu, utakaa kungoja mawazo yaishe, na chumvi utaendelea kuitia.

Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo ndani kuna chumvi yote: ya sombe, ya maharage, ya makayabu, ya vile vidonge vya kuungia mchuzi. Makayabu yaloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Usiitupe chumvi ya mgao ukaacha kabisa, kwa maana ina madini joto yanayozuia rovu, ipunguze. Lengalenga na ndizi ni vizuri, ukizipata. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kwanza.

Kuhusu kupima. Ukitoka mbali kwa miguu, ukasimama foleni juani, kisha ukapimwa papo hapo, namba itadanganya. Mwambie muuguzi kwa heshima: "Nimefika sasa hivi, naomba nipumzike." Kaa dakika tano, uegemeze mgongo, miguu ikanyage chini, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, na usiongee wakati mkanda unabana. Namba ikiwa 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha. Mara moja pekee kwa kawaida haitoshi, ila ikiwa kubwa sana mganga hatangoja.

Wazee wetu mnisamehe nikisema wazi: dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Kujisikia mzima hakuonyeshi kwamba presha imeshuka. Mashine ndiyo inaonyesha. Vidonge vikikuletea kikohozi, kizunguzungu au miguu kuvimba, rudi kliniki ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Usimpe jirani. Baadhi ya dawa hizi zinamdhuru mtoto aliye tumboni.

Mama mjamzito apimwe kila anapohudhuria kliniki. Akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe au akivimba uso, asingoje siku ya kadi. Na kwa mtu yeyote, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakigoma ghafla, mpelekeni wakati huo huo, hata usiku.

Kama jina lako limo katika orodha ya kurudi nyumbani au kuhamishwa, pita kliniki kabla ya siku ya safari. Omba waandike kwenye kadi jina la dawa, kiasi chake na vipimo vyako vya mwisho, na uulize utapewa vidonge vya siku ngapi. Kadi hiyo iweke pamoja na karatasi zako, isiingie katika mizigo inayopakiwa kwenye lori.