Kuuza tuktuk: upeleke yadi au utafute mnunuzi mwenyewe?

Una tuktuk Ukunda na unataka kuibadilisha. Yadi wataipigia bei, uongeze pesa, uondoke na nyingine. Bei yao huwa chini, kwa sababu nao wanatafuta faida. Mnunuzi wa Diani au Msambweni anaweza kukupa zaidi, ila itabidi ungoje.

Piga hesabu kwanza. Tuseme yadi wanakupa KSh 150,000, mnunuzi KSh 180,000. Tofauti ni 30,000. Kama tuktuk hukuachia 1,000 kwa siku na umeiegesha ukingoja mteja, siku 30 zimemaliza faida yote. Kama inaendelea kubeba abiria, subiri.

Ukiuza mwenyewe:

1. Usiamini SMS, hata iwe na jina la mnunuzi. Angalia salio lako.
2. Muamala mmoja mwisho wake ni KSh 250,000. Bei ikizidi hapo, kubalianeni mapema.
3. Pesa ikishaingia, anzisha uhamisho wa umiliki wa NTSA kupitia eCitizen, naye akubali hapo hapo. Ndipo utoe funguo. Jina likibaki lako, ajali ikitokea utatafutwa wewe.